Miche Iliyong'olewa Alfajiri

Mwanamke wa kitaluni alikuwa ameshafunga miche ishirini ya sukuma wiki kwenye gazeti kabla hajauliza inakwenda kupandwa wapi.

"Mountain View," Nabiha alimjibu. Alikuwa ameinamia vikopo vya mnanaa, akisugua jani la hiki na la kile kisha akinusa vidole. "Tumehamia huko juzi tu, Idi ilipokwisha. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kipana, mwenyewe hata sikuamini. Nataka mvua ikianza inikute nimeshapanda."

Kitalu kilikuwa Dagoretti Corner, kando ya barabara ya Ngong, miche imepangwa kwenye mifuko myeusi mpaka ukingoni mwa mtaro. Nabiha alikisikia kwa mwalimu mwenzake wa madrasa mjini. Alikuja na orodha ndefu, na kwa karibu nusu saa yeye na Ngina, mwenye kitalu, walikuwa wakiipunguza. Bamia ndiyo iliyotoka kwanza.

"Hiyo ni ya joto, mama," Ngina alisema. "Itaota, sikatai. Lakini Julai ikifika itasimama tu hivi, kama mtu ameshikwa na baridi kwa steji ya matatu."

Mbilingani zikafuata. Rehani ilisamehewa, kwa sharti ikae kwenye mkebe mahali penye jua. Kotmiri, ambayo Ngina aliiita dania, ilibaki. Mchaichai ukabaki, na vitunguu vya majani, na spinachi. Terere Nabiha aliitambua mara moja, maana ni mchicha ule ule wa kwao Malindi, ila huu una majani mapana. Managu hakuwahi kupika, lakini Ngina alimwambia kwamba ukiichemsha na maziwa mtoto hatabakisha kitu kwenye sahani, naye akaongeza miche kumi na miwili. Kwa miaka tisa yeye na mumewe Idarus walikuwa wameishi ghorofa ya nne katikati ya mji, na bustani yake yote ilikuwa kopo moja dirishani. Sasa kila mche alioushika, alikuwa ameshauona mkubwa.

"Mountain View upande gani?" Ngina aliuliza, akivuta kamba.

"Mwisho wa barabara, geti la kijani. Kwa Mzee Zachariah."

Mikono ya Ngina ikasimama. Aliitazama ile miche, akamtazama Nabiha, kisha akamtazama Nadira, binti yake Nabiha wa miaka sita, aliyekuwa amechutama akichezea maji ya ndoo.

"Mama wa hapo anaendeleaje? Mama Karanja?"

"Sijamwona bado. Mnajuana?"

"Alikuwa kastoma yangu. Kila mwaka mvua ikikaribia, huyo hapa. Miaka mitatu sasa hajakanyaga." Ngina alianza kulifungua gazeti alilokuwa amelifunga. "Sikia, mama. Hii managu wacha nibaki nayo. Na terere pia. Chukua maua kwanza, uone vile itafanya. Nakubadilishia, hakuna shida."

"Maua?" Nabiha alicheka. "Maua nitayala?"

"Ndiyo maana nakuambia."

Nabiha alingoja amalizie. Wateja wawili walikuwa wameingia wakiuliza miche ya parachichi, na Ngina akawageukia upesi, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa kutokea. Mwishowe alimpa Nabiha kila alichochagua, lakini juu ya mzigo akaweka miche minne ya maua ya njano ambayo hakuombwa, na hakutaka hata kusikia habari ya malipo yake.

---

Mzee Zachariah aliwapokea getini. Alikuwa mzee mrefu, amestaafu siku nyingi, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Yeye na mkewe walikaa nyumba ya mbele. Nyumba ya nyuma, aliyompangishia Idarus, ilikuwa imekaa tupu kwa miaka miwili, na hilo lilimshangaza kila mtu aliyejua jinsi nyumba za mtaa ule zinavyogombewa. Zachariah alisema alikuwa akingoja watu wenye adabu.

Alifunua magazeti na kutazama mche mmoja mmoja, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri. Panda yote, Mama Nadira. Hiyo shamba imekaa bure na udongo ni mpya. Nilileta lori mbili za udongo nyekundu, mimi mwenyewe nikasambaza." Kisha, alipokuwa ameshageuka aende zake, akasimama. "Lakini usichimbe sana. Jembe moja, basi."

"Kwa nini, mzee?"

"Huko chini ni mawe. Utaharibu jembe ya watu."

Jumapili Nabiha na Idarus walipanda. Idarus, karani wa duka la vitambaa, hakuwahi kushika jembe tangu shule, na mpaka adhuhuri viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Alicheka nayo. Alikuwa na furaha ambayo Nabiha hakuiona kwake muda mrefu. Udongo kweli ulikuwa mwekundu na laini. Ila kando ya ukuta wa nyuma palikuwa na ukanda, upana wa hatua tatu hivi, ambao hata jani la kwekwe halikuwa limeota, na juu yake kulikuwa na ukoko mweupe kama chumvi iliyokauka. Upande wa pili wa ukuta, kwa jirani, nyasi zilikuwa zimefika magotini.

"Hapa pana nini?" Idarus aliuliza.

"Pamekosa mbolea tu," Nabiha alisema, na hapo ndipo alipoipanda managu.

Alipoinua kichwa aliona mtu kwenye dirisha la jiko la nyumba ya mbele. Mwanamke mzee, kitambaa kichwani, anawatazama. Nabiha alipunga mkono. Mwanamke yule aliinua wake kumjibu, mkono mzima kuanzia begani, lakini kiganja hakikuinuka. Kilining'inia kwenye kifundo, kimekunjamana kuelekea chini, kama glavu iliyowekwa kwenye ncha ya fimbo. Mara akavutwa kutoka ndani, pazia likafungwa.

"Ni presha," Zachariah alimweleza kesho yake, bila kuulizwa. "Ilimshika mikono. Na kichwa pia, kidogo. Akikuambia mambo, wewe itikia tu."

---

Mvua ilianza wiki ile ile. Ilinyesha jioni, ikanyesha alfajiri, na terere ikaota kana kwamba ilikuwa ikisubiri ruhusa. Kotmiri ikatoa majani. Maua ya njano ya Ngina yakafunguka. Lakini kando ya ukuta mambo yalikuwa mengine. Miche ya managu haikufa na haikukua. Ilidumaa pale pale ilipochomekwa, majani yakiiva zambarau pembeni, na mvua ikitulia maji yaliyotuama kati ya miche yalikuwa na utando wa rangi rangi.

Nadira alipapenda pale kuliko kwingine kote. Alifinyanga vyungu vya tope akavipanga juu ya ukuta, na ndani ya vyungu alipika mawe. Siku moja Nabiha alichukua moja ya mawe yale akashangaa uzito wake. Lilikuwa dogo kama kunde, la kijivu, na mahali Nadira alipolikwaruza lilimetameta.

"Ni fedha yangu," mtoto alisema. "Iko nyingi huku."

Nabiha alimrudishia. Baadaye, kwa miezi mingi, kitendo kile kidogo cha kumrudishia ndicho kilichomkosesha raha.

Walikula terere ya kwanza mwisho wa wiki ya nne, kwa tui la nazi na wali. Idarus alijilamba vidole. Walikula tena Jumatano. Alhamisi Nadira aliamka akilalamika tumbo, na asubuhi iliyofuata, Nabiha alipotoka kuanika nguo, alikuta bustani imeng'olewa.

Hakukuwa na fujo yoyote. Mwizi angechuma majani, na mbuzi angekula na kukanyaga. Hapa mche mmoja mmoja ulikuwa umetolewa na mizizi yake na kulazwa chini kwa mstari, sukuma na sukuma, terere na terere. Kotmiri nayo. Mnanaa nao. Maua ya njano yalikuwa yamesimama vile vile, hayakuguswa, na rehani iliyokuwa mkebeni haikuguswa.

"Hii ni hasadi," Idarus alisema, uso umemwiva. "Mtu haipendi furaha yetu." Aliingia ndani akasoma Ayatul Kursiy, akatoka akaisoma tena akiuzunguka uwanja. Nabiha alichutama kando ya matuta. Alikuwa akizitazama alama zilizokuwa kwenye udongo. Vidole havikuonekana popote. Kila penye shimo palikuwa na mikwaruzo miwili mipana, huku na huku, kama vile mche ulibanwa kati ya vijiti viwili vinene na kuvutwa.

Miche iliyokuwa bado hai aliirudishia udongoni. Usiku Nadira alitapika. Siku ya tatu asubuhi, ilikuwa imeng'olewa tena.

---

Aliirudishia udongoni tena, na safari hii aliamua kungoja. Aliposwali alfajiri hakurudi kitandani kama kawaida yake. Alisimama kwenye mlango wa jiko, taa imezimwa, mtandio begani, akitazama mwanga ukiingia polepole juu ya ukuta.

Mlango wa nyumba ya mbele ulisukumwa kwa bega. Mama Karanja alitoka pekupeku, akiangalia nyuma yake. Alipofika kwenye matuta alipiga magoti kwa shida, akaubana mche wa sukuma kati ya vifundo vya mikono yake, viganja vikining'inia bila kazi pembeni, akajivuta nyuma kwa mwili mzima mpaka ukatoka. Akaulaza. Akasogea kwa magoti hadi kwenye mwingine. Alikuwa akihema kama aliyebeba gunia.

Nabiha alikuwa amejiandaa kwa maneno makali. Yalimwishia mdomoni.

"Mama," alisema taratibu. "Mama Karanja. Nimekukosea nini?"

Mwanamke mzee hakushtuka. Aligeuka akamtazama, na Nabiha akaona kwamba huyu aliyeambiwa kichwa chake kimepotea ana macho ya mtu mwenye akili zake timamu.

"Wewe hujakosea," alisema. Kiswahili chake kilitoka kidogo kidogo, neno moja likitafutwa kabla ya lingine. "Umepatia mtoto hii?"

"Terere? Ndiyo. Mara mbili."

"Usipatie tena. Hata moja." Alijaribu kusimama, Nabiha akamshika kwapani. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Nimeona akicheza na yale mawe. Nikaona kwa dirisha ameweka kwa mdomo. Mzee amefunga mlango, nikapiga na kichwa, hakufungua. Leta jembe."

"Jembe la nini, mama?"

"Chimba. Pale. Usisikie ile maneno ya mawe."

Nabiha alichimba kando ya ukuta, penye managu. Jembe moja, udongo mwekundu. Jembe la pili, mwekundu bado. La tatu likatoa sauti ya kukwaruza na udongo ukabadilika ghafla, kana kwamba amefika sakafu ya nyumba nyingine. Ulikuwa wa kijivu, unanuka ukali uliompanda puani na kumwasha koo. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeusi vya plastiki ngumu, vingine na maandishi, na vibamba vya kijivu vilivyotobolewa tobolewa kama vichungio, vinavyomomonyoka vikiguswa. Na yale mawe mazito ya Nadira, makumi kwa makumi.

"Ni betri," Mama Karanja alisema. "Betri ya gari. Kijana wangu Karanja alikuwa anavunja hapa na vijana wawili. Ile maji wanamwaga. Ile chuma wanayeyusha kwa karai, moshi inaingia kwa nyumba yote. Miaka minne. Kwanza kuku zikakufa. Halafu mbuzi, ikizunguka, ikizunguka, ikaanguka. Halafu Karanja akaanza kushikwa na kifafa, mtu mkubwa, hajawahi shikwa. Tukamzika. Mimi nikarudia shamba yangu, nikapanda, nikakula, nani angenikataza? Halafu hii." Aliinua mikono, viganja vikaanguka. "Nikaambia mzee, ni udongo. Akasema nimerukwa na akili. Akaleta udongo ingine akamwaga juu, akasema imekwisha."

"Wanjugu!"

Zachariah alikuwa kizingitini akimwita mkewe, amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Alikuja kwa hatua ndefu, akaliona shimo, akasimama.

"Nilikuambia jembe moja," alimwambia Nabiha.

"Ulijua, mzee?"

"Nilijua nini? Hakuna kitu ya kujua. Nimeweka futi nzima ya udongo safi. Huyu ni mgonjwa, anaongea maneno ya wagonjwa."

"Mwanangu anatapika."

"Watoto wanatapika!" Sauti yake ilipanda, kisha ikavunjika. "Karanja alikufa na kifafa. Iko kwa karatasi, daktari aliandika kifafa. Mimi ndio nilimpa hiyo kazi. Mimi ndio nilimtafutia betri ya kwanza, nikamletea mpaka hapa. Sasa unataka kuniambia nini, wewe mama? Niambie!"

Alilitwaa jembe mikononi mwa Nabiha na kuanza kulifukia lile shimo, upesi upesi, akikanyaga udongo kwa viatu vya nyumbani. Mama Karanja alimsogelea Nabiha sikioni.

"Kuna msichana wangu, Janice. Ako benki, Upper Hill. Mzee alimwambia ni presha. Mwambie wewe. Mimi sishiki simu."

---

Asubuhi hiyo hiyo Idarus hakwenda kazini. Walimpeleka Nadira hospitali moja ya Upper Hill, na Nabiha akafunga yale mawe na kibamba kimoja ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Daktari, kijana mpole aitwaye Joash, aliutazama mfuko ule bila kuufungua, akabadilika sura, akaandika vipimo ambavyo Idarus hakuwahi kuvisikia. Wakaambiwa warudi baada ya siku nne. Siku hizo nne walilala kwa ndugu yake Idarus mjini, wote watatu kwenye godoro moja, na kila Nadira alipojigeuza Nabiha aliketi.

"Damu yake ina risasi," daktari aliwaambia waliporudi.

Idarus alishika ukingo wa meza. "Risasi? Ya bunduki?"

"Hapana, mzee. Madini ya risasi, ile inatumiwa kutengeneza betri. Jina ni moja." Aliigeuza karatasi waione. "Si ya kiwango cha kumlaza. Mngekaa pale mwaka mmoja, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Asirudi kwa huo udongo. Nguo alizochezea, viatu, vitu vyake vya kuchezea, msimrudishie. Maziwa, mayai, dawa ya kuongeza damu, na mwezi ujao tunapima tena. Na nyinyi wawili tutawapima leo."

"Itatoka yote?" Nabiha aliuliza. "Daktari, itatoka yote?"

Daktari Joash aliikunja ile karatasi. "Kwa damu, itapungua," alisema. "Ile iliingia ndani, tutaendelea kumwangalia. Shuleni, akilini, vile anakua. Siwezi kukuahidi kitu ambacho sijakiona."

Kutoka pale hadi benki ya Janice ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nabiha alikwenda peke yake, Idarus akibaki na mtoto. Mlinzi alimtazama buibui lake lenye matope ya mvua upindoni, akapiga simu ndani. Janice alishuka akiwa na kitambulisho shingoni na haraka usoni. Alidhani ni habari ya nyumba.

"Kama ni bomba, tafadhali ongea na baba yangu. Mimi huko—"

"Si bomba. Ni mama yako aliyenituma."

Alimweleza wakiwa wamesimama kwenye ngazi, watu wakipita huku na huku na chakula chao cha mchana. Alimweleza juu ya miche, na shimo, na damu ya Nadira. Janice alisikiliza akikaza macho kwenye magari yaliyokuwa chini barabarani. Nabiha alipofika kwenye karai la kuyeyushia, yule mwanamke alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nikija Krismasi," Janice alisema mwishowe. "Kila mwaka. Alikuwa ananifungia mboga nirudi nayo kwa nyumba. Managu, dania, kila kitu. Nilikuwa nimebeba hiyo mimba ya pili." Hakuendelea, na Nabiha hakuuliza mimba ile iliishia wapi. Alimshika mkono, wakasimama hivyo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna shida.

---

Jumamosi Janice alikuja na gari kumchukua mama yake. Siku hiyo hiyo Nabiha na Idarus walikuwa wakipakia vyombo, maana walishapata vyumba viwili Kangemi, ghorofa ya tatu. Maafisa wa mazingira, walioitwa na Janice, walikuwa wamefika jana yake, wakachota udongo kwenye chupa na kubandika ilani kwenye geti, kwamba kiwanja kisilimwe wala kisikaliwe mpaka udongo utolewe. Ilani ilikuwa imechanwa. Vipande vyake vilikuwa kwenye mtaro.

Zachariah hakuwazuia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko la nyumba ya mbele, sufuria kwenye jiko la makaa mbele yake. Janice alimpitisha mama yake pale karibu, amemshika kiuno, akasimama.

"Baba, twende na wewe upimwe."

"Nipimwe nini? Mimi ni mzima." Alifunua sufuria. Mvuke ukapanda, na Nabiha, aliyekuwa amebeba kapu la vikombe, akaona majani yaliyochemka ndani yake, ya kijani iliyokoza. Ilikuwa managu ya ukutani. Aliichuma yote, ile ile iliyodumaa. Zachariah alichota kwa mkono, akatia kinywani, akatafuna polepole akiwatazama mmoja mmoja, binti yake, mkewe, na hawa wageni waliokuja kumharibia nyumba.

"Mnaona?" alisema. "Nakula. Hakuna kitu." Akachota tena.

"Baba, wacha," Janice alisema. "Baba, tafadhali."

Mama Karanja alimwambia kitu kwa Kikuyu, maneno machache, bila hasira. Nabiha hakuyaelewa. Lakini aliona mkono wa mzee ukisita katikati, machozi yakimtoka, na bado akala. Alikuwa akila walipotoka getini. Alikuwa akila gari lilipogeuka.

Mama Karanja alilazwa wiki mbili. Janice ndiye aliyekuwa akimpigia Nabiha simu na kumpa habari, kwanza kila jioni, kisha kila Ijumaa. Dawa zilimchosha sana. Mwezi wa pili kidole gumba cha kulia kilianza kuinuka. Daktari alisema mkono wa kushoto huenda usirudi. Nadira alipimwa mara ya pili, kiwango kikawa kimeshuka, na Idarus akamwinua mtoto juu mpaka dari kwenye korido ya hospitali. Nabiha alicheka nao. Lakini jioni, akimsomesha herufi, kila mtoto aliposahau jambo dogo ambalo mtoto yeyote husahau, moyo wake uliruka, na alijua utakuwa ukiruka hivyo kwa miaka.

Mwishoni mwa Agosti, Janice alipiga simu siku ya Jumanne, saa ambayo si ya kawaida yake.

"Mama Nadira, mzee amepangisha ile nyumba. Nimejua leo. Nimempigia, hashiki. Title ya hiyo nyumba iko kwa jina lake. Hao watu wa ilani nimewaambia, wamesema watakuja, lakini wapangaji wameingia jana."

"Ni watu gani?"

"Bwana na bibi, vijana. Wako na mtoto wa kutambaa." Sauti ya Janice ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa. "Na mvua ya Oktoba ndio hiyo inakuja. Jirani amesema huyo bibi ameanza kulima."

Nabiha alizima jiko. Alivaa buibui, akachukua ile karatasi ya kwanza ya vipimo vya Nadira kutoka kabatini, akamwambia jirani amwangalizie mtoto. Kutoka Kangemi hadi geti la kijani alikwenda kwa miguu, akivuka Waiyaki Way kwa daraja, na hakupumzika popote. Geti lilikuwa wazi. Dirisha la nyumba ya mbele lilikuwa limefungwa pazia, na nyuma ya pazia mtu alikuwa akikohoa, kikohozi kirefu kisichokatika.

Alipita bila kubisha. Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, mwanamke kijana alikuwa ameinama na jembe, mtoto wake ameketi chini karibu naye, mikono yote miwili ndani ya udongo.

"Dada," Nabiha aliita, akianza kukimbia. "Dada, mwinue mtoto kwanza. Mwinue, halafu nitakueleza."